Injini haifungwi kwa kukisia
Na Hamisi Kibwana

Gari likianza kutoa moshi wa bluu na kula oili, mwenye gari hupewa jibu lilelile karibu kila gereji: "Bosi, hii tusihangaike nayo, tafuta injini nyingine tuweke." Basi anakwenda Gerezani au Shauri Moyo akiwa Dar es Salaam, au Kirinyaga Road akiwa Nairobi, ananunua injini ya mtumba kutoka Japani ambayo hakuna anayejua ilitembea kilomita ngapi wala ilibadilishwa oili mara ngapi. Ile yake anaiacha gereji iwe chuma chakavu. Napinga desturi hii. Nyingi ya injini tunazozitupa zinafufulika, na mtu ambaye hajawahi kufungua hata kifuniko cha valvu anaweza kuifufua ya kwake nyumbani, mradi awe na mahali penye paa, kitabu cha mtengenezaji na subira.

Ila asianze na gari analolitegemea kwenda kazini Jumatatu. Na asianze na injini yoyote tu. Mimi humshauri anayeanza atafute 5A-FE ya Toyota, iliyofungwa kwenye Corolla nyingi za miaka ya 1990. Ina silinda 4 na ujazo wa cc 1498, spea zake bado zinapatikana, na bloku yake ni ya chuma cha kusubu. Silinda zikishalika, zinachongwa na kuvalishwa pistoni za saizi kubwa zaidi. Injini ya 1NZ-FE, ile ya Vitz na IST, ni nzuri sana barabarani, lakini bloku yake ni ya aluminiamu, na ndani yake kuna ukuta mwembamba wa chuma usio na nafasi kubwa ya kuchongwa. Hiyo ingoje mpaka mkono wako uzoee.

Kabla ya kushusha chochote, pima mgandamizo wa kila silinda. Geji yake hutiwa kwenye tundu la plagi, stata inazungushwa, unasoma namba. Silinda moja na nyingine zisipishane zaidi ya baa 1 hivi. Ukikuta iliyo chini, mimina kijiko cha oili kwenye tundu lake upime tena. Namba ikipanda, ringi za pistoni ndizo zimechoka, kwa sababu oili imeziba kwa muda mwanya uliokuwa unavujisha. Isipopanda, tazama valvu au gasketi ya hedi. Kipimo hicho kidogo kimewaokoa wengi waliokuwa wameambiwa injini imekufa, kumbe ilikuwa valvu.

Kufungua ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, na hapo ndipo wengi huharibu. Bolti za hedi hulegezwa kidogo kidogo kuanzia pembeni kwenda katikati, hedi isije ikapinda. Kila kofia ya konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki, hurudi kwenye konrodi yake, upande uleule, kwa kuwa viwili hivyo vilichongwa pamoja kiwandani. Ukizichanganya, tundu halitakuwa duara tena. Piga picha, andika kwenye vibahasha, panga kwenye mbao kwa mfuatano wa silinda. Na tafadhali, usioshe vyuma kwa petroli karibu na jiko la mkaa. Tumia mafuta ya taa, uwe nje, mbali na moto. Injini nayo usiitundike kwenye tawi la mwembe usilojua uimara wake. Oili chafu iweke kwenye dumu, isimwagwe mtaroni.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma. Injini hufa au hupona kwenye vipimo, na vipimo ndivyo tulivyoviacha. Silinda hailiki sawasawa. Huliwa zaidi juu, pale ringi ya kwanza inapogeuka, kwenye joto kali na oili kidogo. Tena huliwa zaidi upande ambao pistoni huegemea inaposukumwa na mlipuko. Kwa hiyo silinda iliyochoka huwa pana juu kuliko chini, na si duara kamili. Ndiyo maana kila moja hupimwa juu, katikati na chini, kwa mwelekeo wa urefu wa injini na wa upana wake. Silinda 4 zinakupa namba 24. Ukiwa nazo mkononi unajua kama ringi mpya zinatosha au bloku lazima iende kuchongwa. Bila namba hizo utavalisha ringi mpya kwenye silinda iliyolika, na moshi utarudi kabla oili haijabadilika rangi.

Krenki ni hivyohivyo. Nafasi kati ya shingo ya krenki na beringi zake katika injini za aina hii huwa, kwa makadirio, kati ya milimita 0.02 na 0.05, pengine nyembamba kuliko unywele wa kichwa. Oili hukaa hapo na kuibeba krenki isiguse chuma. Nafasi ikizidi, presha ya oili hushuka na injini huanza kugonga. Ikipungua, beringi huungua. Hakuna kidole cha fundi, hata awe amefanya kazi miaka thelathini, kinachoweza kuhisi tofauti hiyo. Hata hivyo nimeona krenki zikirudi kutoka kuchongwa bila hata namba moja iliyoandikwa. Mteja anapewa beringi anaambiwa, "Hizi zitakaa." Zitakaaje, na nani amepima?

Huyo anayeanza nyumbani anaweza kupima. Mikromita hununuliwa au kuazimwa. Kwa beringi kuna uzi laini wa plastiki unaolazwa juu ya shingo, kofia ikakazwa kwa kipimo kisha ikafunguliwa, na upana uliobonyea ukalinganishwa na vipimo vilivyochapwa kwenye karatasi yake. Spana ya torki, inayopima nguvu ya kukaza, si anasa hata kidogo. Bolti za hedi hukazwa kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa hatua, kufuata namba za kitabu. Baada ya kukaza kila kofia ya krenki, izungushe krenki kwa mkono. Ikigoma, simama hapo hapo, fungua, tafuta sababu. Taimingi belti ikishavalishwa, zungusha krenki kwa mkono mizunguko 2 kamili uhakikishe alama zinarudi mahali pake, ndipo ufikirie kugusa stata. Na siku ya kuwasha, zungusha kwanza stata bila plagi mpaka taa ya oili izime.

Wapo watakaosema ninawanyang'anya mafundi riziki. Mimi naona kinyume chake. Mwenye gari aliyewahi kupima silinda zake anajua kwa nini fundi mzuri anadai fedha zaidi na siku zaidi, na yuko tayari kulipa. Anayeumia ni yule anayefunga kwa kukisia, na huyo hanihuzunishi. Vijana nao watafaidika. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi ya Tanzania, imekuwapo tangu 1994 na inafundisha ufundi wa magari. Ningependa vyuo vyake vifungue kozi fupi za jioni za kupima injini peke yake, kwa mafundi wa mitaani ambao hawajapata kukaa darasani na kwa raia wa kawaida pia.

Nanyi wenye karakana za kuchonga krenki na bloku, ombi langu kwenu halina gharama. Mwandikieni mteja kipimo cha kila silinda na kila shingo ya krenki, kabla ya kuchonga na baada ya kuchonga, mtie saini, mmpe karatasi hiyo pamoja na risiti. Na wewe msomaji unayepeleka chuma chako huko, usikichukue bila karatasi hiyo.