Mashine Hukisia, Mlinzi Huhakikisha
Askari wa Bujumbura aandikapo neno “ngoma” kutafuta picha, huenda ataka ala yenyewe, au huenda ataka mchezo wa ngoma za kifalme, uliotiwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni mwaka 2014. Mashine itajuaje haja yake?

Januari 2021 kampuni ya OpenAI ya Marekani ilitangaza CLIP, akili bandia iliyofunzwa kwa jozi milioni 400 za picha na maandishi, ipate kupima jinsi maneno yanavyoafikiana na picha. Hayo ni maendeleo makubwa. Lakini mafunzo hayo yalielemea Kiingereza. Basi muulizaji wa Kirundi au Kiswahili hukisiwa kwa macho ya wageni.

Tena, mashine hutafuta kinachofanana na haja yetu, wala haishuhudii mahali na siku. Mlinzi akiipokea picha ya ghasia za ugenini kuwa ni ya Buyenzi, aweza kumkamata asiye na hatia.

Kwa hiyo twasema: kufanana si ushahidi. Kwanza tuulize picha imepigwa na nani, wapi na lini. Jukumu hilo ni letu, si la mashine.