Basi Liko Wapi? Msafiri Ana Haki ya Kujua

Saa kumi na moja alfajiri, kabla jogoo hajamaliza kuwika, vituo vya mabasi vya Gongo la Mboto, Mbagala, Kimara na Bunju huwa vimekwisha kujaa watu. Wamo walimu wanaopaswa kuwa shuleni kabla ya wanafunzi wao, wamo makarani ambao ofisi zao hufunguliwa saa moja na nusu, wamo wauguzi wa zamu ya asubuhi, mafundi na wachuuzi. Watu wote hawa huunganishwa na swali moja ambalo hakuna mtu kituoni awezaye kulijibu: basi liko wapi? Huitazama barabara, huzitazama saa zao, kisha hutazamana.

Kwa mwenye gari lake swali hili ni dogo. Kwa mwananchi asiye na gari ni swali la kazi, la mshahara na la heshima yake mbele ya mkuu wake. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam, na wengi wao hutegemea mabasi. Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba watu 100,000 kati yao hupoteza nusu saa kila siku kwa kulisubiri basi wasilolijua lilipo. Hizo ni saa 50,000, yaani sawa na siku 6,250 za kazi ya saa nane, ambazo hupotea kila siku bila ya kuzalisha hata senti moja. Kama bohari ya Serikali ingepoteza mali ya thamani hiyo kila siku, tume ya uchunguzi ingekwisha kuundwa. Lakini kwa kuwa mali yenyewe ni muda wa mtu wa kawaida, tumezoea kuiona ikiteketea, na kuiita hali hiyo "shida ya usafiri", kana kwamba imeshuka pamoja na mvua.

Shida hii ina historia yake. Mwaka 1974 liliundwa Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA, ili jiji liwe na mabasi ya umma. Jiji likakua upesi kuliko mabasi, na mwaka 1983 Serikali ikaruhusu magari ya watu binafsi kuchukua abiria. Hapo ndipo zilipozaliwa daladala, ambazo jina lake husemekana limetokana na nauli ya shilingi 5, yaani dala, iliyotozwa wakati ule. Daladala zimeubeba mji huu kwa miaka mingi na hazistahili dharau. Hata hivyo zilikuja na desturi yake: gari huondoka likijaa, na njia huweza kukatishwa kati kwa amri ya kondakta. Habari za usafiri zikawa mali ya mpiga debe. Mwenye sauti kubwa ndiye akawa ratiba.

Mwezi Mei 2016 ukaanza usafiri wa mabasi yaendayo haraka, kwa awamu ya kwanza ya kilometa zipatazo 21, kutoka Kimara hadi Kivukoni, pamoja na matawi ya Gerezani na Morocco. Huu ulikuwa mwanzo mpya. Basi lenye njia yake pekee, lisilogombea barabara na magari mengine, ni basi ambalo mwendo wake waweza kukadiriwa. Na jambo liwezalo kukadiriwa laweza pia kutangazwa. Hapo ndipo tunapotaka kuuliza: kwa nini msafiri asiambiwe?

Maana mtu yuleyule asimamaye kituoni gizani ana simu mkononi. Kwa simu hiyo hununua umeme wa nyumba yake. Kwa simu hiyo humtumia mama yake fedha kijijini, na fedha zikafika kabla hajamaliza kumjulia hali. Kwa simu hiyo hulipa ada na kodi za Serikali kwa kutumia namba ya malipo. Iweje basi simu iwezayo kuamrisha mita ya umeme ikae kimya inapoulizwa habari za basi lililo umbali wa vituo vitatu?

Wenzetu mahali pengine wamelitatua jambo hili, na si kwa miujiza. Mwaka 2005 shirika la usafiri la umma la mji wa Portland, Marekani, lilitoa ratiba zake kwa kampuni ya Google ili msafiri aweze kuzitafuta kwa kompyuta. Muundo uliotumika kuziandika ratiba zile ukawekwa wazi, na leo hutumiwa na miji mingi duniani. Mwaka 2008 katika mji wa Seattle wanafunzi wa chuo kikuu walianzisha huduma ya kumjulisha msafiri kwa simu ni dakika ngapi zimebaki kabla basi lake halijafika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 kuhusu huduma hiyo ulionyesha jambo la kuzingatiwa: wasiokuwa na habari waliona wamesubiri muda mrefu kuliko waliosubiri kweli, hali wenye habari hawakuona hivyo. Mwaka huohuo wa 2011 jiji la London lilianza kujibu kwa ujumbe mfupi wa simu. Kila kituo kilipewa namba yake, msafiri akaituma namba hiyo, na jibu likarudi likitaja mabasi yajayo.

Atakayesema kwamba hayo ni mambo ya nchi tajiri na autazame mji wa Nairobi. Huko matatu, kama daladala zetu, hazikuwa na ratiba iliyoandikwa popote. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na wataalamu wa vyuo vikuu vya Marekani, walipanda matatu moja baada ya nyingine, simu mkononi, wakaziandika njia na vituo. Mwaka 2014 ramani ya njia zaidi ya 130 ilitolewa kwa umma, na mwaka 2015 habari hizo zikaingizwa katika ramani za Google ili kila mwenye simu azipate. Chombo kikubwa kilichohitajika kilikuwa simu za kawaida na miguu ya vijana.

Wala sisi si wageni wa kazi ya namna hiyo. Tangu mwaka 2015, kwa mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa vyuo vyetu pamoja na wananchi wa kata mbalimbali za Dar es Salaam wamechora mitaa, mifereji na nyumba katika maeneo yanayofikwa na mafuriko. Vijana walioweza kuuchora mfereji wa Tandale hawawezi kushindwa kuichora njia ya basi. Kadhalika, mabasi ya mikoani yamekuwa yakifungwa vifaa vya kufuatilia mwendo wake, na mwendo huo husimamiwa na LATRA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019. Maarifa yapo, vyombo vipo, watu wapo. Linalotakiwa ni uamuzi, na usimamizi utakaoulinda uamuzi huo baada ya sherehe za uzinduzi.

Kazi yenyewe si ngumu kueleweka. Kifaa kidogo ndani ya basi hujua mahali kilipo kwa msaada wa setilaiti, nacho hupeleka habari hizo makao makuu kwa mtandao wa simu. Kompyuta hulinganisha mahali basi lilipo na vituo vilivyo mbele yake, ikakadiria dakika zilizobaki. Msafiri anapouliza, hupewa jibu. Ratiba ya karatasi humwambia msafiri lile lililokusudiwa, bali habari hizi humwambia lile linalotendeka. Katika jiji lenye msongamano kama letu, ratiba ya karatasi pekee yaweza kugeuka uongo ifikapo saa moja asubuhi.

Hata hivyo, yapo mambo ambayo sisi tunaona hayafai kusahauliwa.

Kwanza, huduma hii isiwe ya wenye simu za bei kubwa peke yao. Mfagizi wa ofisi aamkaye kabla ya mkurugenzi wake ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya kujua habari za basi, na aghalabu simu yake ni ndogo, isiyo na intaneti. Kwa hiyo kila kituo kiwe na namba yake iliyoandikwa kwa herufi kubwa, na msafiri aweze kuuliza kwa ujumbe mfupi au kwa kubonyeza namba, bila malipo. Majibu yawe kwa Kiswahili fasaha na kifupi. Tena, si vizuri kumlazimisha mtu kutoa simu yake gizani katikati ya msongamano, ambako vibaka wako tayari. Kwa hiyo ubao wa habari kituoni ni wa lazima pia. Simu iusaidie ubao, isichukue mahali pake.

Pili, habari za mabasi ya umma ni mali ya umma. Haifai mkandarasi apewe kazi ya kuzikusanya, kisha azifungie kabatini mwake, na mkataba unapokwisha aondoke nazo. Ziwekwe wazi katika muundo unaofahamika, ili mwalimu wa hesabu aweze kuzitumia darasani, na mbunifu kijana wa Mwanza au Mbeya aweze kuunda kitu kwa ajili ya mji wake bila kumpigia mtu magoti.

Tatu, tuanze na lile linalowezekana. Mabasi yaendayo haraka yana njia na vituo vyake, hivyo na yawe ya kwanza. Kwa daladala, hatua ya mwanzo ni kuandika njia, vituo, nauli, saa ya gari la kwanza na saa ya gari la mwisho. Mama atokaye zamu ya usiku Muhimbili ana haki ya kujua kama gari la mwisho la kwao limekwisha kupita kabla hajasimama peke yake barabarani.

Tunajua wako watakaouliza: je, simu italeta mabasi? Mtu akiambiwa kwamba basi halipo, basi litapatikana? Hoja hii ina nguvu na haifai kupuuzwa. Habari si mbadala wa mabasi. Jiji lenye mabasi machache litabaki na mabasi machache, hata kama kila mkazi atakuwa na simu mbili. Lakini anayejua kwamba basi lake litachelewa dakika arobaini aweza kuamua: atembee, apite njia nyingine, au apige simu kazini mapema. Mvua zinapofurika katika bonde la Msimbazi na Barabara ya Morogoro ikafungwa pale Jangwani, ujumbe mmoja utumwao alfajiri ungewaokoa maelfu ya watu wasiende kukwama njiani. Asiyejua hana uamuzi wowote awezao kufanya, ila kusubiri.

Na liko jambo zito zaidi. Mfumo unaomjulisha msafiri basi liko wapi huandika pia basi lilikuwa wapi jana, na juzi, na mwezi uliopita. Huandika ni magari mangapi yalitoka gereji, mangapi yaliharibika, na watu wa kituo gani husahauliwa kila siku. Kumbukumbu hizo haziogopi cheo. Hapo mkubwa hawezi tena kuandika katika taarifa yake kwamba huduma "zinaendelea vizuri" hali wananchi wanapanda kwa madirishani. Huenda hiyo ndiyo sababu mipango ya namna hii aghalabu hupendwa katika semina na kusahauliwa katika bajeti. Chombo cha umma kinachokubali kupimwa na umma ndicho kinachostahili kuitwa chombo cha umma.

Kwa watumishi wa Serikali wenye dhamana ya usafiri tunasema hivi: msisubiri mfumo mkubwa ulio kamili. Chagueni njia moja na vituo vyake vyote, mpange namba, mfunge vifaa, kisha muwaulize abiria wenyewe baada ya miezi mitatu kama majibu yanayotolewa ni ya kweli. Jibu la uongo ni baya kuliko kimya, maana mtu aliyedanganywa mara mbili hatauliza mara ya tatu. Kwa walimu tunasema: wapeni wanafunzi wenu kazi ya kuandika njia za mabasi ya mji wenu, muda na nauli. Watajifunza jiografia, hesabu na uraia kwa mpigo mmoja, nanyi mtakuwa mmeisaidia wilaya yenu.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mwananchi amekuwa akiuliza kwa miaka mingi, amesimama kituoni, mvua ikimnyeshea na jua likimchoma. Ujinga sasa ni wa yule mwenye jibu mkononi asiyetaka kulitoa.