Tusimfiche Uani, Tumfundishe

Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Lakini hapa kwetu pwani yuko mtoto tunayemnyima malezi hayo: yule mwenye ulemavu wa akili, au mwenye usonji. Huyo hufichwa uani, na mgeni akimwulizia huambiwa amelala.

Nayasema haya kwa kuwa nimeyaona nyumbani. Mpwa wangu alitimiza miaka saba bila kutamka neno la maana, na vijana wa mtaani wakimwita zuzu. Dada yangu aliuza bangili zake akampeleka kwa mganga mmoja, kisha wa pili. Kila mmoja alisema ni pepo, na kila mmoja alitaka ujira wake. Mtoto akitulia siku mbili tatu, sote twashangilia kuwa dawa imekubali.

Ndugu wasomaji, hapo ndipo tulipopotea, wala si sisi peke yetu. Mwaka 1998 huko Marekani zilivuma habari za dawa iitwayo sekretini, kwamba sindano yake humfungua ulimi mtoto mwenye usonji. Wazazi wakaikimbilia. Mwaka 1999 ikatangazwa kuwa madaktari wameijaribu kwa watoto 60: baadhi walidungwa dawa, wengine maji ya chumvi tu, na wazazi hawakujua nani kapewa nini. Makundi yote mawili yalionyesha nafuu sawasawa! Mtoto hukua, na mzazi huona anachokitamani. Ndiyo sababu yafaa kupima kwanza, kisha kusadiki.

Basi kilichopimwa kikafaa ni kipi? Ni kumfundisha mtoto hatua kwa hatua, kumsifu kila aiwezapo hatua moja, na kumfundisha mzazi naye. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mafunzo ya namna hii kwa walezi: vikao tisa vya pamoja, na mlezi kutembelewa nyumbani mara tatu. Hayataki mashine wala hirizi, yataka subira.

Kwetu alipatikana mwalimu akaanza na udhu. Viganja kwanza, basi. Vilipozoeleka, kinywa, kisha pua, uso, mikono, kichwa, masikio, hata miguu. Ilituchukua miezi mitano. Mpwa wangu hasemi mengi, na pengine hatasema. Lakini leo hutawadha mwenyewe, akasimama ubavuni pangu katika safu, na hakuna tena amwitaye zuzu.

Sikatazi dua; nami namwombea kila siku. Ninalolikataa ni kumlipa mtu asiyeweza kutuonyesha hata mmoja aliyemponya, huku mtoto akifungiwa mlango. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 54, yampa haki ya kusoma kama wenziwe. Mwenye mtoto kama huyu na amtoe uani leo, aende naye afisi ya elimu iliyo karibu akaulize wapi watoto hawa hupimwa. Haba na haba hujaza kibaba.