Madoa ya Kahawia Menoni

Hapa kwetu tumezoea kumwona mtoto akisuguliwa meno kwa majivu hadi fizi zitoke damu, naye akiitwa mchafu. Si uchafu. Ni floridi iliyozidi, iliyoingia jino likiwa bado linaumbwa ndani ya fizi. Mswaki hauondoi madoa hayo. Watafiti waliikuta katika maji ya sehemu nyingi za Arusha na Manyara, pia katika magadi tunayotia kwenye makande. Kuchemsha maji hakuipunguzi. Watoto wadogo tuwakingie maji ya mvua, makande tupike bila magadi (kuni zitaongezeka, twajua!). Dawa ya meno yenye floridi tusiitupe, huzuia meno kuoza. Chini ya miaka 3 punje ya mchele yatosha.