Alama Zilizo Chini ya Mitutu

Msomaji mmoja wa hapa Kisian ameuliza juu ya bunduki ya mitutu miwili aliyoiacha marehemu babu yake. Ubavuni imechorwa jina «W. Richards», na mtu fulani wa Kisumu amemwambia kwamba ni kazi bora ya Uingereza, yenye thamani kubwa. Kijana wa nyumba hiyo naye ataka kuitumia kuwafukuzia viboko waharibuo mahindi usiku. Maswali yote mawili yana jibu mahali pamoja, napo si ubavuni.

Lakini sheria kwanza. Chini ya Sheria ya Silaha, Sura 114, bunduki ya urithi haimwendei mrithi wala mnunuzi asiye na cheti. Kwa hiyo na ipelekwe Polisi, kisha fundi wa silaha mwenye leseni aikague, ahakikishe kwamba haina risasi, aondoe kipande cha mti cha mbele na kuitenga mitutu na kitako. Habari yenyewe imepigwa chapa chini ya mitutu, upande unaotiwa risasi.

Nchini Uingereza kila mtutu hujaribiwa kwa baruti nyingi kuliko kawaida kabla ya kuuzwa. London wana nyumba ya majaribio ya chama cha mafundi bunduki, kilichopewa hati ya mfalme mwaka 1637. Ya Birmingham iliwekwa kwa sheria ya mwaka 1813. Alama ya London ni taji juu ya herufi GP. Ya Birmingham, tangu 1813 hata 1904, ni taji juu ya fimbo mbili za kifalme zilizopishana, pamoja na herufi BPC au V. Baada ya hapo zikaja BP na BV chini ya taji. Ukiona maneno «NOT FOR BALL», yaani si ya risasi moja nzima bali ya marisau tu, jua kwamba ilijaribiwa kati ya 1875 na 1887.

Ukiona herufi ELG ndani ya duara refu kama yai, hiyo ni Liège, Ubelgiji. Na taji likiwa juu ya duara, ni ya mwaka 1893 au baadaye. Hapo ndipo jina la ubavuni huumbuka. Bunduki nyingi za bei nafuu zilitoka Liège zikiwa na majina yaliyofanana na ya mafundi wakuu wa Kiingereza, kama Westley Richards wa Birmingham, na «W. Richards» ni mojawapo. Ikiwa ELG imo, yule mtu wa Kisumu amesifu asichokijua, ama anacho cha kuuza.

Kuhusu kijana, neno langu ni kali zaidi. Mtutu wenye michirizi kama mawimbi ya maji ni chuma cha Dameski, yaani vipande vya chuma na chuma cha pua vilivyosokotwa na kufuliwa pamoja. Mingi ilitengenezwa kwa baruti nyeusi. Risasi za siku hizi zina baruti isiyotoa moshi, nayo husukuma kwa namna nyingine; mtutu waweza kupasuka karibu na mkono wa kushoto. Alama ya kujaribiwa kwa baruti hiyo ni «NITRO PROOF», au NP chini ya taji. Isipokuwapo, isipigwe hata mara moja. Hata ikiwapo, chapa husema habari ya siku ile ya majaribio tu, haijui kutu ya miaka sabini iliyofuata. Tena viboko ni kazi ya Shirika la Wanyamapori. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977.

Msiisugue kwa msasa ili ing'ae. Chapa zikifutika, hakuna mkusanyaji wa vitu vya kale atakayeitaka. Fundi aweke karatasi nyembamba juu ya alama, apitishe penseli polepole, kisha mniletee karatasi hiyo. Bunduki yenyewe, tafadhali, isije ofisini kwangu.