Fainali Imehamia Amaan, Acheni Kulia

Wiki hii Wanasimba wenzangu hapa chuoni wanalia vilio viwili. Cha kwanza nakielewa. Jumamosi ya Mei 17 tulipigwa 2-0 na RS Berkane kule Morocco, mabao yote mawili ndani ya robo saa ya kwanza, watu hata hawajakaa vizuri. Kilio cha pili ndicho kinanichosha. Marudiano ya fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, Jumapili hii Mei 25, hayachezwi Kwa Mkapa. Yamepelekwa New Amaan, Zanzibar, na kila ninayekutana naye kantini ananiambia kombe limeshaondoka, maana watu 60,000 wamegeuka kuwa 15,000.

Mimi ni mtoto wa Makanyagio, Mpanda. Kutoka kwetu hadi Dar ni zaidi ya kilomita 1,000, na wazee wengi wa mtaani kwetu wanaovaa jezi nyekundu kila wikiendi hawajawahi kuliona geti la Mkapa. Uwanja wetu ni kibanda umiza: mabenchi ya mbao, bati linalochoma, mia tano mlangoni (mechi kubwa ni buku), na jenereta limetegwa nje kwa sababu umeme hauna timu. Fainali kubwa iliyowahi kutusogelea ni ile ya Kombe la Shirikisho la hapa nyumbani, Julai 25, 2021, Simba na Yanga pale Lake Tanganyika, Kigoma, Taddeo Lwanga akatupia kichwa tukashinda 1-0. Hata hiyo ilikuwa Kigoma, si Mpanda. Sasa mtu akiniambia bila Mkapa hakuna Simba, namuuliza, sisi wa Katavi tumekuwa tunashabikia nini miaka yote hii?

Halafu tuziangalie hizo fainali zenyewe. Hakuna klabu ya Tanzania iliyowahi kubeba kombe la Afrika. Tumekaribia mara mbili kabla ya hii. Mwaka 1993 Simba ilifika fainali ya Kombe la CAF dhidi ya Stella ya Abidjan. Ugenini tukatoka 0-0, kazi ngumu imeisha, watu wakajaa Uwanja wa Taifa kuja kuchukua kombe, tukafungwa 2-0. Baba yangu aliisikiliza mechi ile kwa redio akiwa Mpanda, maana Tanzania Bara televisheni ilikuwa bado haijaanza. Mpaka leo ukimtajia Stella anabadilisha mada. Mwaka 2023 ikawa zamu ya Yanga na USM Alger. Kwa Mkapa, uwanja umefurika, wakafungwa 2-1. Wakaenda Algiers, kwenye kelele za wenyewe, wakashinda 1-0. Jumla 2-2, kombe likabaki Algeria kwa bao la ugenini.

Mmeona? Fainali zote mbili tulizipoteza nyumbani, mbele ya umati wetu. Ugenini hatukufungwa hata moja. Ukitaka kurudi nyuma zaidi, waulize wazee habari za 1979. Simba ilipigwa 4-0 na Mufulira Wanderers hapa hapa Dar, ikaenda Zambia ikashinda 5-0. Na 2003, tulipowavua ubingwa Zamalek, ilikuwa Cairo, kwa penalti. Kelele zinasaidia, sikatai. Ila mechi kubwa kuliko zote katika historia yetu hazikushindwa na jukwaa.

Najua mtanijibu na Al Masry. Sawa. Robo fainali mwezi Aprili tulifungwa 2-0 Misri, tukarudi Kwa Mkapa, Mpanzu na Mukwala wakarudisha zote mbili, tukapita kwa penalti 4-1. Matokeo yale yale ya kwanza, na Mkapa ilikuwepo. Hoja nzuri kweli. Lakini hatua iliyofuata, nusu fainali na Stellenbosch, tulicheza wapi? Amaan. Bao la Ahoua la mpira wa adhabu, 1-0, tukaenda Afrika Kusini tukalinda 0-0. Kwa hiyo uwanja huu unaolalamikiwa ndio uliotuleta fainali.

Kuna kitu kingine kuhusu Berkane ambacho sisikii watu wakikisema. Wana makombe mawili ya Shirikisho, 2020 na 2022, ni kweli. Yote mawili waliyachukua kwenye fainali za mechi moja. Fainali za nyumbani na ugenini wamecheza mbili kabla ya hii, zote na Zamalek. Mwaka 2019 walishinda 1-0 kwao, wakafungwa 1-0 Misri, wakatolewa kwa penalti. Mwaka 2024 walishinda 2-1 kwao, wakafungwa 1-0 Misri, wakatolewa kwa bao la ugenini. Hawa jamaa wana historia ya kutangulia nyumbani kisha kombe likawatoka safarini. Hata sisi tunawajua: Machi 2022 walikuja Dar kwenye makundi, Sakho akawafunga, 1-0.

Tofauti ni kwamba safari hii wametangulia kwa mawili, na wamekuja wakiwa wametoka kuchukua ligi ya kwao kwa mara ya kwanza. Si timu ya kuchekea. Hesabu iko hivi: 2-0 tunaenda penalti, 3-0 kombe letu. Wakipata bao moja tu, tunahitaji manne. Hapo ndipo roho yangu ilipo. Siogopi kama tutafunga, naogopa dakika ya sitini tukiwa na bao moja na mabeki wote wamepanda, Tshabalala yuko kwenye kona ya wenzake na Kapombe naye hayupo nyuma.

Sisi wa ualimu tunafundishwa kugawa kipindi. Mwalimu anayemwaga somo lote dakika kumi za mwanzo, nusu saa iliyobaki anawatazama wanafunzi nao wanamtazama. Fadlu Davids asiwaruhusu vijana wafanye hivyo. Bao moja kabla ya mapumziko linatosha. La pili likija dakika ya themanini, lije. Penalti tuna Camara golini na Al Masry wanamkumbuka.

Mimi macho yangu yatakuwa kwa Kibu Denis. Hafungi sana, na hapa chuoni wanamcheka kwa hilo. Ila anakimbia mpaka beki wa pembeni anaomba maji. Kibu alipewa uraia wa Tanzania mwaka 2021, na kule kwetu Katumba na Mishamo, kwenye familia zilizokimbia Burundi mwaka 1972 na kusubiri miongo kabla ya kuitwa Watanzania, watu wanajua karatasi ile ina uzito gani.

Kuhusu Wananchi. Rumeti wangu ni Yanga, na tangu Jumamosi amekuwa Mmorocco, anataja vijana wa Berkane kama amesoma nao. Kuna wanaosema eti ni uzalendo, Yanga wote waishangilie Simba Jumapili. Mwacheni bwana. 2023 mimi nilikuwa Mwalgeria na sikuomba ruhusa ya mtu. Dabi ya Machi 8 yenyewe haijachezwa mpaka leo, halafu tudanganyane tunapendana? Aje akae upande wake, azomee, tukishinda atanunua chipsi mayai.

Ijumaa napanda basi kwenda nyumbani. Baba amesema hataangalia, ana kazi shambani, Jumapili nzima. Mama ananiambia redio ndogo imeshanunuliwa betri mpya. Utabiri wangu ni 2-0, penalti. Anayeenda Mpanda na anataka benchi la mbele aniambie mapema, maana pale kibandani saa saba mchana patakuwa pameshajaa.