Tunanywa Mursik, Tunamsahau Fundi wa Sotet

Wanariadha wetu warejeapo na medali, hulakiwa kwa mursik katika uwanja wa ndege jijini Nairobi, nasi hushangilia. Ni wangapi huuliza ni nani aliyekipamba kwa shanga kibuyu kile, ambacho Wakipsigis hukiita sotet? Huku Kipkelion, kina mama wachache hukutana kwa hiari kuifundisha kazi hiyo. Shanga na ngozi hununua kwa fedha zao. Msimu wa kulima ukifika, mikutano huvunjika. Wasichana huja mara mbili, kisha hutoweka. Siwalaumu, hakuna malipo. Lakini mwanaisimu huona hasara nyingine: asiyekisugua kibuyu kwa sosiot, ule ufito wa mkindu, hana haja ya neno lenyewe. Serikali ya Kaunti ya Kericho na iwape walau chumba na shanga za kuanzia, maadamu mafundi hawa wangali hai.